Nilidhani Macho Meupe Ndiyo Kupona

Naitwa Hibo. Ninauza anjera, chapati zetu za maji, pamoja na chai katika mtaa wa Iftin, mjini Garissa, mbele ya nyumba tuliyoachiwa na wazazi wetu. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, kwa hiyo maneno yangu hayana mapambo. Niko hai, na kila asubuhi namshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Lakini anayetafuta ushuhuda mtamu hapa hataupata. Ushuhuda mtamu nilishautoa mara moja, nikiwa na haraka, na huu nauandika kwa sababu ya ule.

Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Garissa na Elwak. Lori lilipinduka, akafa nikiwa bado mdogo. Mama alitulea kwa anjera hizi hizi. Nilipofika miaka kumi na minne akaanza kuchoka. Alikuwa akiketi katikati ya kazi, anjera inaungua mbele yake naye anaitazama tu. Baadaye tumbo lilifura kama la mwenye mimba ya miezi tisa, na miguu yake ukiibonyeza, shimo la kidole linabaki. Macho yakawa ya manjano.

Kisomali ugonjwa huo tunauita cagaarshow. Ni neno la rangi tu, jinsi mgonjwa anavyogeuka kuwa kama jani bichi. Macho yakibadilika, watu husema cagaarshow imeingia. Macho yakirudi meupe, husema imetoka. Neno lenyewe halisemi chochote juu ya damu wala ini. Mimi nimelelewa na neno hilo, na ndilo lililonidanganya.

Eedo Fatuma, shangazi yangu mkubwa, alikuja na moto. Wazee wetu husema ugonjwa na moto havikai mahali pamoja. Alipasha ncha ya chuma kwenye makaa, akamchoma mama kwenye viganja karibu na kidole gumba, halafu tumboni upande wa kulia. Mama hakulia. Alikufa kabla vidonda vya moto havijakauka.

Tulibaki watatu. Mimi, Yusuf aliyekuwa na miaka saba, na Deka aliyekuwa na mitatu. Eedo alitaka kutugawa, Yusuf aende kwa ndugu wa baba huko Wajir na Deka achukuliwe naye. Nilikataa. Nilimwambia tutakula pamoja au tutalala njaa pamoja. Alinicheka, akasema tazameni mtoto wa darasa la saba anataka kuwa mwenye boma. Lakini alituacha. Nikaweka madaftari yangu ndani ya sanduku la mama, nikashika mwiko.

Sikumwomba Mungu mume wala dhahabu. Nilimwomba aniache hai mpaka Deka amalize kidato cha nne. Hiyo ndiyo dua yangu ya miaka yote, na msomaji akiijua hiyo amenijua.

Ugonjwa wangu ulianza na harufu. Asubuhi moja harufu ya samli, niliyoizoea maisha yote, ilinichefua nikatapika nyuma ya nyumba. Nilidhani ni malaria. Kisha mwili ukachoka uchovu ambao kulala hakuuondoi. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Choo kikawa cheupe kama majivu yaliyoloweshwa. Ngozi iliwasha, hasa nyayo, nikawa najikuna kwa kijiti cha kuni mpaka damu inatoka. Chini ya mbavu za kulia kulikuwa na kitu kizito, kama jiwe la figa limewekwa ndani.

Yusuf, ambaye siku hizi anaendesha bodaboda, ndiye aliyeniambia. Alikuwa anakunywa chai kabla ya kutoka. Akanitazama, akaweka kikombe chini.

"Abaayo, macho yako yamekuwa kama ya mama."

Abaayo ni dada. Yusuf hakumbuki mambo mengi ya mama, lakini macho yale anayakumbuka.

Eedo alikuja tena na chuma chake. Sikumkatalia. Niliuma leso, nikanyoosha mikono. Alama ninazo mpaka leo, mbili viganjani na tatu tumboni, zimekuwa nyeusi na zinang'aa. Wiki mbili baadaye macho yalikuwa yale yale, na kidonda kimoja cha tumboni kilikuwa na usaha. Ndipo Yusuf aliponipakia kwenye pikipiki yake, akanifunga kwake kwa shuka nisianguke, akanipeleka hospitali.

Muuguzi aliyenipokea anaitwa Sista Moraa, Mkisii wa watu, mnene, mwenye mdomo. Damu yangu ilipimwa. Baadaye alinitaka nirudie jina la ugonjwa ili ajue nimeelewa. Nikamwambia ni hebatitis B, maana Kisomali hakina herufi P. Akacheka sana. Akasema hiyo yangu ina B mbili, ya hospitali ina moja tu. Nilicheka pia, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa mwezi mzima.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema virusi hivyo vinaishi ndani ya ini, na huenda nilivipata kwa mama siku niliyozaliwa. Si kwa anjera, si kwa kikombe, si kwa kushikana mikono. Alisema havitoki, lakini vinaweza kulazwa usingizi. Kidonge kimoja kila siku, bila kuruka, na nisiache mpaka yeye mwenyewe aniambie. Akaagiza wadogo zangu wapimwe.

Yusuf hakuwa navyo, akadungwa sindano za kinga. Deka alikuwa navyo. Alikuwa kidato cha pili wakati huo. Ini lake lilikuwa limeanza kuumia bila dalili yoyote, akaanzishiwa kidonge sawa na changu. Tulitoka pale sisi wawili, kila mmoja na kichupa chake cheupe, na Deka akasema sasa tumekuwa mapacha.

Baada ya miezi michache macho yangu yalikuwa meupe. Nikarudi kwenye moto wangu, nikanenepa kidogo. Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa na habari fupi na njema.

Lakini mnapaswa kujua kidonge chenyewe. Dawa hii inatumiwa pia na watu wenye virusi vya ukimwi, wakiichanganya na nyingine. Pale tulipotibiwa, ilitolewa kwenye dirisha moja na zao, na ukikaa kwenye benchi lile watu hawaulizi wewe ni mgonjwa wa nini. Jirani mmoja aliniona. Kesho yake nilipika anjera kama kawaida na nyingi zikabaki kwenye sinia mpaka zikakauka. Wiki ikapita hivyo. Walimu wa bara, wateja wangu wa chai, waliendelea kuja. Watu wangu mwenyewe walipita upande wa pili wa njia. Siku moja nilimsikia mtoto akimwambia mwenzake asichukue anjera kwangu, mama amekataza. Deka naye shuleni aliulizwa na wasichana anakunywa dawa ya nini.

Nilimweleza Eedo kwamba ni ini, ni lile lile la mama. Akanijibu kwamba macho yangu ni meupe, cagaarshow ilishatoka, basi vidonge ni vya nini? Kwa lugha yetu, alikuwa na haki.

Ndipo nikasikia habari za Gedi.

Gedi alikuwa amefungua chumba cha tiba mtaa wa Galbet, safi, chenye pazia la kijani. Watu walimwita Daktari Korea. Alikuwa ameishi Korea miaka mingi, akarudi na masanduku. Ilisemwa kwamba ana dawa za asili za Wakorea, dawa za maelfu ya miaka, na kwamba ini ndilo analolijua kuliko yote. Nilikwenda na Eedo. Nilitarajia kuona mambo ya ajabu. Sikuona jambo la ajabu hata moja, na hilo ndilo lililonikamata.

Alinipiga vikombe mgongoni. Hijama tunaijua, ni sunna. Aliweka kipande cha tangawizi juu ya tumbo langu, juu yake akaweka majani makavu yaliyosokotwa kama koni ndogo, akayawasha, yakaungua polepole mpaka joto likaingia ndani. Moto tunaujua. Halafu akanipa pakiti za maji ya mitishamba, ya kahawia, machungu, yenye maandishi ya duara na vijiti ambayo hakuna mtu Garissa anayeyasoma. Mitishamba tunaijua. Eedo aliutazama ule moto mdogo ukiwaka juu ya tangawizi, akatikisa kichwa kwa furaha. Akasema Wakorea hawa ni watu wenye akili, wana dawa ya nyanya yetu, wameiongezea tangawizi tu.

Gedi hakuwa mtu wa kelele. Alisema ini langu lina joto lenye unyevu na dawa itaukausha. Alinikataza samli, mafuta ya ngamia na maji baridi. Akauliza kama natumia dawa nyingine. Nikamwonyesha kichupa. Akakishika kwa vidole viwili, akakirudisha.

"Fahali wawili hawakai zizi moja, Hibo. Chagua mmoja."

Nilichagua. Sitamwekea Gedi mzigo ambao ni wangu. Nilichagua kwa sababu nilitaka kuacha kukaa kwenye lile benchi. Dawa ya Gedi hata ukiinywa mbele ya watu wanakuombea dua.

Nilikwenda nyumbani, nikachukua kichupa changu na cha Deka nikavitupa chooni. Deka alitoka shule akakuta mkebe tuliokuwa tukiviweka mtupu. Alisema mwalimu wao wa bayolojia amewaambia virusi haviuawi kwa moshi. Nilimwambia mwalimu wake hakumzika mama yangu. Akaendelea kubisha, akasema darasa la saba haliwezi kumshinda daktari. Nikampiga kofi. Sikuwahi kumpiga tangu azaliwe. Nilimwambia ndani ya nyumba hii mimi ndiye mama yake, na atakunywa ninachokunywa. Tangu siku hiyo nilimkabidhi pakiti yake kila asubuhi, naye aliipokea na kwenda nayo uani.

Nilijisikia vizuri. Lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Wiki sita, saba, mwili ulikuwa mwepesi. Usingizi ulikuja. Wateja walirudi, wengine wakanisifu kwa kuacha vidonge vile. Gedi aliniangalia macho mbele ya wagonjwa wengine, akayafunua kwa kidole gumba wote waone weupe. Akaniomba niseme maneno mawili kwenye simu yake ili wenye shida kama yangu wapate moyo.

Nilisema zaidi ya mawili. Nilisema kwa Kisomali, kwa sauti niliyokuwa nikimsomea mama Kurani alipokuwa mgonjwa. Nilisema nilikuwa maiti, nimefufuka. Nilisema niliacha vidonge vya hospitali na sasa sina cagaarshow, njooni mtazame macho yangu. Nilimtaja Mungu mwanzo na mwisho. Sikusema uongo. Nilisema nisichokijua, na sasa naona kwamba hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Sauti ile ilikwenda. Yusuf aliisikia kwa abiria wake. Watu walinipigia kutoka Dadaab, kutoka Wajir. Mwanamke mmoja alinipigia kutoka Elwak, akasema anaitwa Kheyra, mumewe ana ini na ametumia vidonge miaka miwili. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, walaal, ndugu yangu. Aliniita mlango wa rehema. Gedi alimpelekea mumewe katoni ya pakiti, naye akaacha vidonge.

Mwezi wa nne wa dawa ya Gedi ulipokwisha, harufu ya samli ikarudi kunichefua.

Sikumwambia mtu. Nilijua, lakini nilikuwa nimesema mbele ya dunia nzima kwamba nimepona, na aibu ilinifunga mdomo. Niliongeza pakiti, moja asubuhi na moja jioni. Mkojo ukawa mweusi. Nikaanza kupaka wanja mzito ili watu wasitazame macho. Pua ikatoa damu, ikadondoka kwenye unga. Nikamwaga unga nikakanda mwingine. Tumbo likaanza kujaa. Nililipima kwa kamba ya gauni, nikaona siku hadi siku kamba inapungua.

Siku ya mwisho nyumbani siikumbuki vizuri. Wananiambia nilimimina chai chini badala ya kwenye kikombe, nikaendelea kumimina. Mwalimu mmoja mteja wangu akaniuliza kama niko sawa, nami nikamwita kwa jina la baba. Yusuf aliitwa. Alinibeba.

Hospitali walinilaza wiki nne. Walinitoa maji tumboni kwa sindano ndefu, yakajaza ndoo, ya rangi ya chai. Nilijinyea kitandani zaidi ya mara moja, kwa dawa waliyonipa ya kusafisha tumbo ili kichwa kirudi sawa, na Sista Moraa ndiye aliyenibadilisha. Hakunicheka wakati huo. Daktari alimwambia Yusuf, mimi nikiwa nasikia kama mtu aliye chini ya maji, kwamba virusi vilikuwa vimelala na nimeviamsha nilipoacha kidonge. Alisema pia hajui ndani ya zile pakiti mna nini, na asichokijua hawezi kusema kama kimeniongezea ugonjwa au la. Akasema huko Korea kuna watu wanaosoma miaka mingi kuwa waganga wa dawa hizo, hana ugomvi nao, lakini hao hawako Galbet.

Nilipopata fahamu kitu cha kwanza kilichonijia ni Deka. Nilihesabu miezi. Kama mimi niko hivi, yeye yuko njiani. Alikuja na sare ya shule, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikamshika mkono, nikamtaka aende akapimwe siku hiyo hiyo. Nililia, nikamwambia nimemuua. Aliniacha nilie kidogo. Kisha akafungua begi, akatoa mkebe wa jiometri, akaufungua. Chini ya bikari na kipimapembe kulikuwa na vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya daftari.

"Abaayo, mimi sikuacha."

Alikuwa amekwenda kwa Sista Moraa kesho yake baada ya lile kofi, akaandikiwa vingine. Alivimeza shuleni, kila siku, wakati wa mapumziko. Zile pakiti za Gedi alikuwa akizimwagia mwarobaini wa uani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ungevitupa tena. Halafu, kwa kuwa ni Deka, akasema mwarobaini umestawi sana, hauna cagaarshow hata kidogo.

Nilicheka nikiwa na mpira puani. Lakini niwaambieni ukweli, nilipobaki peke yangu niliumia. Nilijitoa shule ili huyu mtoto aishi, na aliishi kwa kunikaidi. Bado sijajua niweke wapi jambo hilo.

Nikiwa bado kitandani, simu yangu ikaita mkononi mwa Yusuf. Alisikiliza, akanipa. Alikuwa Kheyra wa Elwak. Hakunisalimu.

"Nilitaka kujua tu kama wewe uko hai," alisema.

Nikamwambia niko hai. Nilisikia mbuzi kwa nyuma, na watu wengi wakiongea, jinsi wanavyoongea kwenye nyumba ya msiba.

"Sauti yako ilikuwa nzuri sana, walaal," akasema, na simu ikakatika.

Mumewe alikuwa amezikwa siku tatu kabla. Nimempigia mara nyingi tangu hapo. Hapokei, na sina haki ya kumlaumu.

Nilipoweza kutembea nilikwenda Galbet. Yusuf alitaka kuja na rafiki zake wampige Gedi. Nilimkataza, nikamchukua yeye peke yake na pakiti moja. Yusuf alikuwa ameipiga picha kwa simu yake, simu ikatafsiri maandishi. Ilikuwa imeandikwa kinywaji cha mitishamba cha kuondoa uchovu baada ya kulewa, kiwekwe mahali penye ubaridi. Baada ya kulewa. Mimi ambaye hata maji ya ukwaju yaliyochacha nayamwaga, nilikuwa nimekunywa kwa zaidi ya miezi minne dawa ya walevi, kwa bismillahi.

Gedi aliisoma simu mara mbili. Alisema kule Korea alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma. Asubuhi wenzake walikunywa pakiti zile kabla ya kuingia kazini, akawauliza ni za nini, wakajishika ubavu wa kulia wakasema ni za ini. Vikombe na majani ya moto alifanyiwa mwenyewe na mganga wa huko alipoumia mgongo, na vilimsaidia. Alitazama namna mkono unavyokwenda, akajifunza kwa kutazama.

Nikamuuliza swali moja tu. Kule Korea, wagonjwa wa ini kama langu, walikuwa wameacha vidonge vya hospitali?

"Sikuwauliza," alisema. "Kiwandani hakuna nafasi ya kuulizana."

Alifunga chumba mwezi huo. Sijui alikokwenda. Alikuwa mtu mpole, na aliamini, kama mimi nilivyoamini. Watu wawili walioamini wasichokijua walimzika mume wa Kheyra.

Sasa niko hivi. Ini langu lina makovu, daktari anasema hayatafutika. Sibebi dumu la maji. Miguu hufura nikisimama sana. Mwezi wa Ramadhani sifungi, nalisha maskini badala yake, na watu wakifuturu mimi nageuza uso ukutani. Kila baada ya miezi sita napimwa kwa mashine kuangalia kama makovu yameota kitu kibaya. Nimerudi kwenye lile benchi na nakaa mbele kabisa, uso wazi. Anayetaka kuacha kununua anjera aache. Wengine wameacha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Sista Moraa, aliyempa mtoto dawa na hakuniaibisha, na Yusuf, ambaye mgongo wake ulinibeba. Deka amebakiza muhula mmoja kumaliza kidato cha nne, na siku hizi yeye ndiye anayeniuliza maswali ndani ya nyumba, nami najibu.

Kwa wenzangu wenye ini nasema haya. Pimeni damu, msipime macho. Mama akiwa na ugonjwa huu, watoto wake wote wapimwe, na mtoto akizaliwa achanjwe siku hiyo hiyo. Ukipenda kitu cha mitishamba, cha Korea au cha nyanya yako, kipeleke kwanza kwa daktari, umwonyeshe, umwambie ukweli. Na anayekutaka uache kidonge ili dawa yake ifanye kazi, muulize amewaona wangapi waliokiacha wakaishi miaka mitano. Ukisikia mtu amepona, usiitume sauti yake kwa wengine. Ngoja mwaka, umpigie tena.

Nilitoa sauti ya pili kuifuta ya kwanza. Niliitoa kwa uchungu, kwa Kisomali kile kile. Ya kwanza ilisambaa kwa wiki. Ya pili waliisikiliza wachache, wengine wakasema nimehongwa na hospitali. Watu hupenda kupelekeana habari ya kupona. Ya kukosea humfia mtu mkononi.

Kwa hiyo bado napigiwa. Juzi, nikiwa naweka anjera kwenye sinia, alipiga kijana kutoka Mandera, kwa sauti iliyochoka ninayoijua. Akauliza kama mimi ndiye Hibo wa Garissa, yule aliyepona.

"Sijapona," nikamwambia. "Ninaishi. Wewe umemeza kidonge chako leo?"

Akasema bado. Nikamwambia aende akimeze, mimi nitangoja hapa kwenye simu.